Wadudu na Joto Linaloongezeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi. Kila mvua zinapochelewa au nzige wanapotajwa kwenye taarifa ya habari, maswali huja yale yale: darasani, sokoni, kwenye vikao vya wafuga nyuki. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea, yaani kati ya mdudu aliyezoea joto, mdudu aliyehama kulikimbia na mdudu ambaye ukoo wake umegeuka. Ukiyatenganisha hayo matatu, mengine yanaeleweka.

Kwa nini wadudu waguswe na joto kuliko sisi?

Mwili wa binadamu hujipasha na kujipoza wenyewe, na ndani yake joto hubaki karibu nyuzijoto 37 uwe Njombe au Lamu. Mdudu kwa kawaida hana uwezo huo. Joto la mwili wake hufuata joto la jani alilokalia, la maji anayokulia, la udongo alikojificha. Hewa ikipata joto, kila kitu ndani yake huenda mbio: yai huanguliwa mapema, kiwavi hula zaidi, mbu humaliza kusaga damu haraka na kurudi kutafuta nyingine.

Wastani wa joto la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa takriban nyuzijoto 1.1 ukilinganisha na mwishoni mwa karne ya 19. Kwetu sisi nyuzijoto moja ni kufungua dirisha. Kwa mdudu anayeishi wiki chache inaweza kuwa nafasi ya kupata kizazi cha ziada ndani ya msimu mmoja. Ila kasi hiyo ina kikomo. Joto likivuka kiwango fulani, mwili unaokwenda mbio huharibika ghafla, na mteremko wa kushuka ni mkali kuliko ule wa kupanda.

Kuzoea, kuhama, kugeuka: tofauti yake ni nini hasa?

Mchukue mtu wa Makete aliyehamia Dar es Salaam. Mwezi wa kwanza anahangaika kwa jasho na usingizi haumjii. Baadaye mwili unazoea. Hakuna jeni yake hata moja, yaani maagizo ya mwili anayorithi mtu kwa wazazi, iliyobadilika, na akirudi kwao na kupata mtoto, mtoto huyo atakuwa kama watoto wengine wa Makete. Huko ni kuzoea. Wadudu nao huzoea, wengine kwa namna ya kustaajabisha, kama utakavyoona kwa nzige.

Kuhama ni spishi kufuata hali ya hewa inayoifaa, ama juu mlimani ama mbali na ikweta. Katika Mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, watafiti walirudia mwaka 2007 hesabu ya nondo iliyofanywa 1965, wakakuta kwa wastani nondo wamepanda mita 67. Nondo ni wale wale, makazi tu ndiyo yamesogea.

Kugeuka ni habari ya kundi, siyo ya mdudu mmoja. Katika mbu elfu kumi wa bonde moja, hawafanani wote. Wapo waliozaliwa na jeni zinazowapa uvumilivu wa ukavu kidogo zaidi ya wenzao. Ukame ukija, hao ndio wanaobaki na kutaga, na kizazi kinachofuata kinakuwa na wengi wa aina yao. Hakuna mbu aliyeamua wala aliyejifunza. Kilichobadilika ni uwiano wa jeni ndani ya kundi, na mabadiliko hayo yanarithiwa.

Mtaniuliza: utajuaje kama ni kuzoea au kugeuka, ikiwa kwa macho yote yanafanana? Njia ya uhakika ni kuwachukua wadudu wa sehemu mbili, au wa miaka miwili tofauti, ukawalea vizazi kadhaa kwenye chumba kimoja, joto moja, chakula kimoja. Tofauti ikitoweka, ilikuwa kuzoea. Ikibaki, imo kwenye jeni.

Nzige wa mwaka 2020 walikuwa wamegeuka?

Hapana. Nzige wa jangwani ni mfano bora kabisa wa kuzoea, na nitaueleza polepole kwa sababu watu wengi wanadhani ni mdudu mpya.

Katika miaka ya kawaida nzige huyu huishi peke yake, ana rangi ya udongo au majani, huruka usiku na huwakwepa wenzake. Mvua ikinyesha jangwani, majani huchipua, nzige huzaana, kisha majani yanapokauka wanasongamana kwenye vipande vichache vya kijani. Kule kugusana miguu ya nyuma huamsha kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, na ndani ya saa chache nzige aliyekuwa mpweke anaanza kuwafuata wenzake. Watafiti wa Uingereza na Australia walilionesha hili mwaka 2009. Vizazi vikipita rangi nayo hubadilika: tunutu, yaani nzige wasioota mbawa bado, wanakuwa njano na weusi, wakubwa wachanga wanakuwa wa waridi, wakikomaa wanakuwa njano. Jeni ni zile zile. Ni kama nyumba moja yenye taa mbili, na msongamano ndiyo swichi.

Tabianchi inaingia kupitia mvua. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Oman na kumwaga maji kwenye jangwa la Rub' al Khali, na Oktoba mwaka huo huo kikaja kimbunga Luban. Jangwa ambalo kwa kawaida lingekauka na kuwaua nzige lilibaki na unyevu, nao wakazaliana vizazi vitatu mahali ambapo hakuna mtu wa kuwaona. Walivuka Yemen wakaingia Pembe ya Afrika. Mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida, mvua zikazidi, na mwezi Desemba kimbunga Pawan kikaipiga Somalia. Kenya ilipata uvamizi ambao haikuwa imeuona kwa miaka 70.

Kama mdudu anaweza kuzoea kiasi hicho, ana haja gani ya kugeuka?

Kwa sababu kuzoea kwenyewe kunategemea ishara, na ishara inaweza kudanganya. Yupo kipepeo mdogo wa kahawia wa Afrika aitwaye Bicyclus anynana. Wanaozaliwa masika wana madoa makubwa kama macho kwenye mbawa, yanayomfanya ndege adonoe ukingo wa bawa badala ya kichwa. Wanaozaliwa kiangazi hawana karibu doa lolote, wanafanana na majani makavu chini ya miti. Anayeamua ni joto wakati wa ukuaji: katika makazi yake, joto hutangulia mvua na baridi hutangulia kiangazi.

Sasa fikiria joto linapanda lakini mvua haifuati. Kipepeo anavaa nguo za masika katikati ya ukavu, na ndege wanamwona waziwazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba vipepeo hawa wana tofauti ndogo sana za kijeni katika namna wanavyoitikia ishara hiyo. Karibu wote wanaisoma kwa namna moja. Bila tofauti, uteuzi wa asili, yaani ule mchujo wa nani anabaki na kutaga, hauna pa kushika. Mdudu hodari wa kuzoea anaweza kuwa maskini wa kugeuka. Binafsi jambo hili linanitia wasiwasi kuliko habari za nzige, maana halina kelele.

Kuna ushahidi kwamba wadudu wamekwisha kugeuka kwa sababu ya tabianchi?

Upo, na wa kwanza kuaminika ulitoka kwa mbu asiyemsumbua karibu mtu yeyote. Anaitwa Wyeomyia smithii, na viluwiluwi vyake huishi ndani ya maji yanayokusanyika kwenye majani ya mmea unaonasa wadudu huko Amerika Kaskazini, kuanzia Ghuba ya Meksiko hadi Kanada. Majira ya baridi yakikaribia, viluwiluwi husimamisha ukuaji na kulala. Hawangoji baridi iwapige. Husoma urefu wa mchana: siku zikifupika kufikia kipimo fulani, wanalala.

William Bradshaw na Christina Holzapfel wa Chuo Kikuu cha Oregon waliwakusanya mbu hawa kwa miongo kadhaa na kuwalea kwenye vyumba vyenye taa zinazowashwa na kuzimwa kwa saa maalumu. Walipolinganisha takwimu za 1972 na za 1996, waliona mbu wa kaskazini wanangoja mchana ufupike zaidi kabla ya kulala. Katika latitudo ya 50, tofauti ilikuwa sawa na kuchelewa siku 9 katika kalenda ya vuli, majira yanayotangulia baridi huko. Majira ya joto ya huko yamekuwa marefu, na anayelala mapema anapoteza muda wa kula na kuzaa. Kwa kuwa wote walilelewa mahali pamoja, tofauti hiyo ni ya kurithi. Matokeo yalichapishwa 2001, na waliweza kuyaona mabadiliko hata katika kipindi kifupi cha miaka 5.

Angalia kilichogeuka ni kitu gani. Uvumilivu wa joto haukuguswa. Ni kalenda iliyogeuka. Ushahidi mwingi uliokuja baadaye unasema hivyo hivyo: shinikizo la kwanza la tabianchi mara nyingi ni la wakati, lini kuamka, lini kutaga, lini kulala.

Nondo wa majira ya baridi wa Uholanzi ni mfano wa pili. Viwavi wake hula majani machanga ya mwaloni. Joto la majira ya machipuko lilipopanda, mayai yakawa yanaanguliwa kabla majani hayajatoka, na kiwavi asiye na jani hufa kwa njaa ndani ya siku chache. Waliobaki ni wale waliochelewa. Mwaka 2013 watafiti walionesha kwamba mayai ya nondo hao sasa huchelewa kwa kurithi, karibu sambamba na miti.

Huko huko Uholanzi kuna mende wadogo (jamii ya mbawakawa, si mende wa jikoni) wa duara wenye madoa, wale wanaokula wadudu mafuta kwenye mimea. Wapo wekundu na wapo weusi, na rangi hurithiwa. Mweusi akikaa juani hupata joto haraka, faida kubwa asubuhi ya baridi. Mwaka 1980, sehemu zilizo mbali na pwani, karibu 60% walikuwa weusi. Mwaka 2004 weusi walikuwa wamebaki karibu 20%.

Nzi wa matunda Drosophila subobscura ametupa ushahidi wa mabara matatu kwa mpigo. Kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zina vipande vilivyogeuzwa kichwa chini, na vipande hivyo hutofautiana kati ya maeneo ya joto na ya baridi. Sehemu 26 za Ulaya, Amerika Kaskazini na Amerika Kusini zilipimwa tena baada ya miaka mingi. Sehemu 22 zilikuwa zimepata joto, na kati ya hizo 21 nzi wao walikuwa wamesogea kijeni kuelekea aina ya maeneo ya joto, kana kwamba kila kundi limesogezwa nyuzi moja ya latitudo karibu na ikweta. Ripoti ilitoka 2006.

Mbona tulifundishwa mageuko yanachukua mamilioni ya miaka?

Kupata spishi mpya kabisa, mara nyingi ndiyo. Kubadilisha uwiano wa jeni zilizomo tayari ndani ya kundi hakuhitaji muda huo. Kipimo ni vizazi, siyo miaka. Nzi wa ndizi mbivu hupata kizazi kwa wiki mbili hivi. Katika jaribio lililochapishwa 2022, watafiti waliwaweka nzi hao kwenye vizimba vya wavu nje, jimbo la Pennsylvania, wakapima jeni zao mara kwa mara kutoka majira ya joto hadi vuli. Waligeuka ndani ya miezi.

Kwa mfano wa karibu, tazama chandarua chako. Mbu wa malaria katika Afrika Mashariki wamekuwa sugu kwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi ndani ya muda mfupi kuliko umri wa kijana wa sekondari, na ndiyo sababu siku hizi kuna vyandarua vyenye kiambato cha pili. Huko ni kugeuka. Shinikizo ni sumu badala ya joto, lakini njia ni ile ile.

Kusema wadudu wanageuka si kupingana na imani?

Nimeulizwa hili na wanafunzi wa dini zote, kwa upole, nami nalijibu kwa upole. Yaliyomo hapa ni mambo yaliyohesabiwa: mende wangapi weusi, mbu wanalala tarehe gani. Muumini na asiye muumini wakihesabu mende wale wale watapata namba ile ile.

Na hapa kwetu? Mifano mingi ni ya wazungu.

Ni kweli, na sababu ni kumbukumbu. Bila hesabu ya mwaka 1972 huwezi kulinganisha na ya 1996. Lakini ipo mifano ya kwetu, na mmoja wao naupenda kuliko yote.

Rabai, juu kidogo ya Mombasa, kulikuwa na aina mbili za mbu Aedes aegypti, huyu anayeeneza homa za dengue na chikungunya. Wa kwanza ni mweusi, wa msituni, hutaga kwenye matundu ya miti na huvutwa zaidi na harufu ya wanyama. Wa pili ni wa rangi ya kahawia, alikuwa akiishi ndani ya nyumba na kutaga kwenye mitungi ya maji, na ukimpa achague kati ya mnyama na mkono wa mtu anauendea mkono. Carolyn McBride na wenzake walionesha mwaka 2014 kwamba tofauti hiyo ya pua ni ya kijeni, na wakaitambua jeni mojawapo ya kunusa inayohusika. Umbali kati ya msitu na nyumba ni wa kutembea kwa miguu.

Ni kitu gani kilimfanya mbu wa msituni ampende binadamu? Mwaka 2020 timu hiyo hiyo ilitoa jibu baada ya kukusanya mbu kutoka sehemu 27 za Afrika. Wanaompenda binadamu zaidi hawapatikani penye joto kali peke yake. Wanapatikana penye kiangazi kirefu na kikali, kama Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, wakifuatiwa na wale wa miji yenye watu wengi. Mti hauna maji miezi mingi ya mwaka, lakini mtungi wa mama unayo kila siku. Mbu anayefuata maji ya mtungi anajikuta jirani wa mtu, na uteuzi wa asili unafanya yaliyobaki. Kwa Rabai yenyewe, jeni za wale mbu wa ndani zinafanana zaidi na za mbu wa nje ya Afrika, ishara kwamba ukoo huo uliwahi kuondoka barani kisha ukarudi, na pwani ni mlango wa meli. Ukavu ulimgeuza mbu huyu karne nyingi zilizopita, na sasa ukavu na miji vyote vinaongezeka.

Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Na neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kutokana na mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde. Maradhi haya si mageni hata kidogo.

Malaria inapanda milimani. Mbu wamegeuka wakazoea baridi?

Kinachopanda zaidi ni joto, na mbu pamoja na kimelea wanalifuata. Kimelea cha malaria kinahitaji kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuambukiza. Kwenye nyuzijoto 25 kinahitaji siku 12 hivi. Kwenye nyuzijoto 20 kinahitaji karibu wiki 4, na mbu wengi hawafiki umri huo. Karibu na nyuzijoto 16 kinasimama. Kwa hiyo Lushoto au Kericho, nusu nyuzijoto ya ziada inaweza kutenganisha kijiji salama na kijiji chenye homa, bila mbu kubadilika jeni yoyote.

Uchambuzi uliochapishwa 2023, uliotumia kumbukumbu za kuanzia 1898 hadi 2016, ulikadiria kwamba mbu wa jamii ya Anopheles kusini mwa Sahara wamepanda kwa wastani wa mita 6.5 kwa mwaka, na mpaka wao wa kusini umesogea kusini zaidi kwa kilomita 4.7 kwa mwaka. Hata hivyo tusiibebeshe tabianchi kila kitu. Kericho wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya miaka 20: dawa zilizoshindwa, watu wanaosafiri, misitu iliyokatwa, joto, kipi kilichangia kiasi gani. Na Usambara malaria ilipungua sana vyandarua na dawa bora zilipofika, wakati joto halikushuka.

Upande wa jeni, Anopheles gambiae ana kipande cha kromosomu kilichogeuzwa kiitwacho 2La, na mbu wenye kipande hicho hustahimili ukavu vizuri zaidi. Wanaongezeka kadiri unavyoelekea nchi kame. Malighafi ya kugeuka imo ndani yao tayari.

Anopheles stephensi ni nani?

Ni mbu wa malaria kutoka Asia na nchi za Ghuba, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na baadaye kaskazini mwa Kenya. Mbu wetu wa malaria wanapenda madimbwi ya vijijini wakati wa mvua. Huyu anataga kwenye matangi, mapipa na visima vya mjini, kiangazi kizima. Djibouti ilirekodi wagonjwa 27 wa malaria mwaka 2012 na zaidi ya 73,000 mwaka 2020, na mbu huyu anahesabiwa kuwa sababu kubwa. Hakuletwa na tabianchi, aliletwa na vyombo vya usafiri. Lakini mji wenye joto na mgao wa maji ndio anaoupenda. Funika tangi lako, na si kwa gunia: kwa wavu mzima au mfuniko unaobana.

Joto likizidi sana, si mbu na mbung'o watakufa tukapumzika?

Baadhi, ndiyo. Bonde la Zambezi, huko Mana Pools nchini Zimbabwe, mbung'o walionaswa kwa ng'ombe mmoja kwa alasiri moja walikuwa zaidi ya 50 mwaka 1990 na hawakufika 2 mwaka 2017. Watafiti wanalihusisha anguko hilo na joto. Malaria nayo huenea vizuri zaidi karibu na nyuzijoto 25, kwa hiyo maeneo yaliyokwisha kuwa na joto kali yanaweza kuona nafuu. Ila virusi vya dengue na mbu wake hustawi karibu na nyuzijoto 29. Panapoondoka mmoja anaingia mwingine, na mbung'o anayeshindwa bondeni anaweza kupata makao nyanda za juu zilizokuwa na baridi mno kwake.

Wadudu wa nchi za joto si wameshazoea joto?

Hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi. Mdudu wa Ulaya anaishi mahali penye baridi kuliko anavyopenda. Joto likiongezeka kidogo anafurahi. Mdudu wa ukanda wetu tayari yuko karibu na kilele cha uwezo wake, na mwaka mzima hauna tofauti kubwa ya joto ya kumfundisha mwili wake kunyumbuka. Hatua moja juu na anaanza kuteremka. Uchambuzi maarufu wa mwaka 2008 ulionesha hivyo: joto hupanda kwa kasi zaidi kaskazini, lakini wadudu wa tropiki ndio walio hatarini zaidi.

Na hatari haingoji kifo. Wapo mende wadogo wekundu wanaoharibu unga ghalani. Watafiti wa Uingereza waliwapitisha kwenye wimbi la joto la siku 5, mwaka 2018, na madume yakapoteza karibu nusu ya uwezo wa kuzalisha. Wimbi la pili liliwaacha karibu tasa, ingawa walitembea na kula kama kawaida. Ukiwahesabu tu utadhani mambo ni salama.

Mwili wa mdudu hujilinda vipi joto linapopiga?

Hutengeneza protini maalumu zinazozishika protini nyingine zisijikunje vibaya. Ziligunduliwa kwa bahati: mapema miaka ya 1960 Ferruccio Ritossa, mtafiti wa Italia, aliona kromosomu za nzi wake zimevimba mahali pasipo kawaida, akagundua kuwa mtu alikuwa amepandisha joto la kabati la kulelea. Ulinzi huo una gharama. Nguvu inayokwenda huko haiendi kwenye mayai.

Ni kweli wanakuwa wadogo?

Baadhi. Anayekua haraka kwenye joto hukomaa akiwa mdogo. Huko British Columbia, Kanada, makusanyo ya makumbusho yalionesha spishi nne kubwa za mende zimepungua ukubwa kwa karibu 20% ndani ya miaka 45.

Ruhuka wa kahawa amefuata joto Kilimanjaro?

Ruhuka ni kale kadudu keusi kanakotoboa buni na kutaga ndani. Chini ya nyuzijoto 15 hivi hawezi kukua, kwa hiyo baridi ya usiku ilikuwa uzio wa mashamba ya juu. Uzio huo unashuka nguvu, na leo yupo kwenye miinuko ambayo wazee hawakumjua. Usiku wa joto unauumiza hata mkahawa wenyewe: uchambuzi wa kahawa ya Arabika ya Tanzania uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba kila nyuzijoto 1 inayoongezeka kwenye joto la usiku huambatana na upungufu wa mavuno wa takriban kilo 137 kwa hekta.

Wachagga wamekuwa na kinga tangu zamani: kihamba. Migomba na miti mirefu juu ya kahawa hupoza shamba kwa nyuzijoto kadhaa. Inaniuma kuona vihamba vikifyekwa ili kahawa ipate jua.

Viwavijeshi vamizi ni matunda ya tabianchi?

Hapana. Walitoka Amerika, wakaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, wakafika kwetu 2017, na biashara ndiyo inayoshukiwa kuwaleta. Joto linawasaidia kuzaana. Makadirio ya mwaka 2018 yanasema kila nyuzijoto 1 ya dunia itaongeza hasara ya mahindi, mpunga na ngano inayotokana na wadudu kwa 10% hadi 25%.

Mkulima afanye nini asiwageuze wadudu kuwa sugu zaidi?

Asitegemee silaha moja. Ukipiga dawa ile ile kila wiki unafanya kazi ya kuchagua: unaua wanyonge na kuwaachia sugu shamba lote, pamoja na kuua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na viwavi vya adui yako. Kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na washirika wake kinafanya kinyume. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa kati ya mahindi huwafukuza nondo wa funza wa mabua, matete pembezoni huwavuta, na kiduha, gugu linalonyonya mahindi, hupungua. Kwa maeneo makavu zimechaguliwa desmodiamu na nyasi za brachiaria zinazovumilia ukame, na wakulima wengi wameona viwavijeshi vamizi nao wakipungua.

Nyuki wetu wataweza?

Nyuki wa asali wa Afrika Mashariki wana akiba nzuri. Mlima Kenya na Elgoni kuna nyuki weusi, wakubwa kidogo na wapole, na savana kuna wale wa njano wakali. Mwaka 2017 ilioneshwa kwamba jeni zao zinafanana karibu kote, isipokuwa vipande viwili vikubwa, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9. Maisha ya baridi ya mlimani yanakaa zaidi humo. Savana ikipanda joto, nyuki wa chini watapanda, na wa mlimani hawana mlima mwingine juu yao.

Ulaya na Amerika Kaskazini nyuki wakubwa wenye manyoya wameonesha jambo la kusikitisha: kusini wamepoteza hadi kilomita 300 za makazi, na kaskazini hawajasogea kufidia. Wamebanwa katikati. Mzinga uliotundikwa kivulini, upepo unapopita na maji yakiwa karibu, huwapunguzia nyuki kazi ya kupunga mbawa kupoza masega.

Mimi si mwanasayansi. Naweza kuchangia nini?

Anza daftari. Kumbikumbi wa kwanza waliruka lini, na mvua ilinyesha siku ngapi kabla? Senene wa Bukoba walishuka tarehe gani, wa kijani walikuwa wengi au wa kahawia? Nyuki walianza kuingia mizinga mitupu mwezi gani? Andika tarehe, jina la kijiji, na kama mlikuwa na mvua. Uliyoyasikia yasiyo yako yaandike kando. Fanya hivyo kila mwaka mahali pale pale, hata miaka ambayo hakuna cha ajabu, kwa sababu miaka hiyo ndiyo itakayolinganishwa na mingine. Tumia kalamu ya wino wa kudumu, na daftari liweke mahali ambapo mchwa hawafiki.